Barua kwa Mfalme wa Misri

Juzi mjukuu wangu alikuwa amelala kifudifudi kwenye mkeka, simu mkononi, akitazama filamu ya maiti ya Misri inayoamka kaburini. Maiti imefungwa vitambaa toka utosini hadi vidole vya miguu, inayumba kama mlevi wa mwisho wa mwezi, na mtoto anacheka mpaka chai inamwagika. Nikamwambia azime. Akaniangalia. "Dani," akaniita, yaani bibi, "unaogopa?" Nikamjibu kwamba siogopi, ila kuna mtu nimemkumbuka. Alipotaka kujua ni nani, nilimwambia ni mtu niliyemchukia, naye akacheka tena akidhani bibi yake anatania. Sikuwa natania. Nina wajukuu saba, kanisani naketi safu ya mbele pamoja na akina mama wa vitambaa vyeupe, na bado nikilisikia jina la Ogola damu hunichemka kama ya msichana wa miaka tisa.

Ogola alikuwa mdogo wake baba yangu. Kwetu mdogo wa baba ni baba vilevile, kwa hiyo nilimwita Baba, bila hata kuongeza neno mdogo. Alikuwa na mashua mbili pale Dunga, ufukweni mwa ziwa, zote za kijani zenye mstari mwekundu ubavuni, na alivaa kofia ya pama yenye unyoya mrefu mweupe aliouchomeka pembeni. Ukiona unyoya ule ukipita juu ya vichwa vya watu sokoni, ulijua Ogola amefika. Alicheka kwa sauti kubwa na alipenda watu wamsikie akicheka.

Baba yangu mzazi alikuwa dereva wa lori la miwa huko Muhoroni. Alikuwa akija nyumbani na harufu ya moshi na sukari iliyoungua, na mfukoni vipande vya miwa alivyonimenyea njiani. Msimu mmoja wa mvua lori liliteleza likapinduka mtaroni na mzigo wote, na yeye akaletwa nyumbani ndani ya sanduku. Sitaeleza zaidi hapo. Mama alinyolewa kichwa, akaketi chini akiegemea ukuta wa nyumba, na kwa siku nyingi hakuniita kwa jina langu.

Kulikuwa na kitu kimoja tu kilichokuwa kikitulisha baada ya hapo, nacho kilikuwa cherehani ya Mama. Aliinunua kabla hajaolewa, kwa kukaanga samaki na kuwauza barabarani, na alikuja nayo kwa mume kichwani mwake mwenyewe. Kila siku aliketi nayo sokoni Kibuye chini ya mabati, akishona kaptura za shule na magauni ya Krismasi. Ninyi wa rika langu mnaijua sauti ile ya mguu juu ya chuma, ta-ta-ta-ta, inaanza polepole kisha inakimbia. Nililala mchana kwenye vipande vya vitambaa chini ya meza yake tangu sijajua kutembea, na sauti ile ndiyo iliyokuwa nyumba yangu.

Wiki chache baada ya mazishi, Ogola alikuja siku ya Jumamosi, akanipandisha kwenye bomba la baiskeli yake, akamwambia Mama kwamba mtoto amekaa na vilio vya kutosha, anampeleka sinema. Sikuwahi kuingia sinema. Ilikuwa mjini, ya Mhindi mmoja, na alasiri zile ilijaa vijana waliojipaka mafuta ya nywele mpaka viti vikateleza. Ogola alininunulia karanga za moto kwenye karatasi. Tuliketi mbele kabisa, kwenye mabenchi, shingo juu kama vifaranga. Taa zikazimwa, nikamshika mkono wa shati.

Filamu ilikuwa ya wazungu waliokwenda Misri kufukua kaburi la mfalme. Walivaa kofia nyeupe, walipanda ngamia, walipigana na wezi jangwani, wakavuka korongo kwa kamba, na kila walipoponea chupuchupu ukumbi mzima ulipiga miluzi. Mwishowe wakafika penye mlango wa jiwe uliochorwa ndege na macho na nyoka. Kiingereza chenyewe sikukielewa, lakini Ogola alikijua, au alisema anakijua, akawa ananitafsiria kwa sauti. Hata watu wa benchi la nyuma walimwomba asiache.

"Hiyo mlango imeandikwa," alisema. "Inasema, mtu akichukua kitu ya maiti, hata kama ni kijiko, atakufa yeye na nyumba yake."

"Na hiyo ni kitu ilitokea kweli?" mtu mmoja aliuliza kutoka gizani.

"Kweli kabisa! Unafikiri Misri ni mbali? Hii maji yetu ya Dunga ndiyo inaenda huko. Uliza mwalimu yeyote."

Wazungu wakauvunja mlango, wakabeba dhahabu, na laana ikaanza kazi. Mmoja aliumwa na nyoka aliyejificha ndani ya buti. Mwingine alikabwa na maiti mwenyewe, kwa vitambaa vyake. Wa tatu alikimbia kwa mashua mtoni akidhani ameokoka, maji yakatulia, kisha mkono uliofungwa vitambaa ukatoka polepole ukashika ubavu wa mashua. Hapo Ogola aliacha kutafsiri. Alinibana vidole mpaka vikauma, na nilipomtazama nikaona jasho limemtoka juu ya mdomo. Njiani kurudi alipiga kelele na kengele ya baiskeli na kucheka, lakini tulipokaribia ziwa alisema, kama anayejiambia mwenyewe, "Ile ya maji ndiyo mbaya."

Nilimpenda siku ile. Naliandika hili kwa sababu ndilo linaloniuma zaidi ya yote. Nililala na karatasi ya karanga chini ya shavu nikamshukuru Mungu kwamba nimepoteza baba mmoja na bado ninaye mwingine.

Juma lililofuata ilikuwa siku ya kugawa vitu vya marehemu. Ni desturi yetu na siibezi. Aliyekufa hahitaji koti, na ndugu akilivaa koti lile jina la mwenyewe linaendelea kutajwa. Lakini mimi nilikuwa nimetoka kuona filamu. Walipotandika mkeka uani na kutoa nguo za baba yangu moja moja, viatu vyake, redio, baiskeli, taa ya karabai, na watu wakawa wanashika na kupima mabegani, mimi niliona kofia nyeupe na ngamia. Nilijua wanachofanya. Wanavunja mlango. Nilimtazama kila aliyepokea kitu, nikamhurumia, nikajiuliza nyoka ataanza na nani.

Kisha Ogola akaingia ndani bila kuambiwa, akatoka na cherehani ya Mama begani.

Mama alikuwa ameegemea ukuta tangu asubuhi. Akasimama. "Shemeji, hiyo si yake. Hiyo ni yangu. Nilikuja nayo."

"Nyar Seme," Ogola akamjibu, akimwita binti wa kwao Seme kama wake wanavyoitwa, "hapa ndani kitu gani si ya ndugu yangu? Hata wewe ni ya ndugu yangu." Watu wengine wakacheka, naye akacheka zaidi yao. "Ukitaka kushona, njoo kwangu. Mashine iko, kiti iko."

Wazee waliangalia viatu vyao, wengine viatu vya baba yangu walivyokwisha kuvivaa. Mimi nilidhani shida ni kiti. Nilimwambia Mama usiku huo huo kwamba kama ni kiti tu, aende akakalie, ashone, arudi. Akanipiga kofi, mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwake. Miaka ilipita kabla sijafahamu kwamba kiti kile kilikuwa kitanda, na kwamba Ogola, aliyekuwa na wake wawili, aliichukua mashine ili njaa imsukume Mama hadi mlangoni kwake.

Mama hakwenda. Alirudi Kibuye na sindano ya mkono. Aliketi palepale chini ya mabati akipachika vifungo na kukunja pindo, huku wenye mashine pande zote mbili wakishona ta-ta-ta-ta na kuwachukua wateja wake. Tulikula mara moja kwa siku. Vidole vyake vilijaa matundu, akawa anavifunga vitambaa kimoja kimoja, na mimi nikivitazama vile vitambaa nilizidi kufikiria Misri.

Maana nilikuwa nikingoja. Kila asubuhi nilitega sikio nisikie kilio kutoka boma la Ogola, na kila asubuhi nilisikia anacheka. Nyoka hakuja. Mkono haukutoka majini. Nilianza kufikiri kwamba labda mfalme hajapata habari. Darasani mwalimu wetu wa jiografia alichora ziwa ubaoni, kisha mstari mrefu kwenda juu, juu, juu, mpaka kwenye bahari nyingine, akasema huo ni mto Naili, unatoka kwenye ziwa letu na kupita Misri. Basi Ogola alikuwa amesema kweli. Njia ilikuwepo, ilikuwa mlangoni kwetu, na mimi nilikuwa nimekaa tu kama mjinga kumbe barua ingekuwa imefika.

Niliandika kwenye karatasi ya katikati ya daftari. Nilijiuliza sana mfalme anasoma lugha gani, nikaandika Kiswahili kama tulivyofunzwa kuandika barua, halafu nikachora picha chini ili asipate taabu. Naikumbuka yote.

"Kwa Mfalme wa Misri uliyekufa. Salamu nyingi sana. Mimi ni mzima, hofu ni kwako. Madhumuni ya barua hii ni kukujulisha kwamba hata huku kwetu wanaiba vitu vya maiti. Baba yangu amekufa. Ogola amechukua cherehani. Ni ya Mama lakini yeye amesema ni ya maiti, kwa hiyo ameiba kwa maiti. Ana mashua mbili za kijani. Tafadhali njoo wewe mwenyewe au utume mtu. Mama asiguswe. Wako mtiifu."

Chini yake niliandika jina langu na la baba yangu na la shule. Picha zilikuwa nne. Ya kwanza ilikuwa cherehani. Ya pili ilikuwa mtu mwenye kofia ya unyoya. Ya tatu ilikuwa mashua, na mtu yule yule ndani yake, na mkono mkubwa uliofungwa vitambaa ukitoka majini. Katika ya nne hakukuwa na mtu, ilikuwa mashua na kofia ikielea. Nilifurahi nilipokuwa nikiichora ile ya nne. Niliipaka mstari mwekundu kwa kalamu ya mwalimu.

Niliitia kwenye chupa ya soda, nikaziba kwa kipande cha gunzi, nikamwagia nta ya mshumaa. Nikaenda Dunga baada ya shule, nikaingia majini hadi kifuani, nikairusha kwa nguvu zangu zote. Mwalimu hakutuambia kwamba Naili unaanzia Jinja, upande wa pili kabisa wa ziwa, na kwamba maji ya Dunga huzunguka zunguka hapo hapo ghubani kama ng'ombe aliyefungwa kambani. Nilirudi nyumbani nguo zikinitiririka, nikalala usingizi mzuri.

Siku ya tatu ilikuwa Jumamosi, na Mama alinituma Dunga na beseni nikaombe omena, dagaa wa ziwani, kwa wanawake wanaomfahamu. Asubuhi ile mashua ya Ogola ilikuwa imefika, na Okumu, nahodha wake, mtu mrefu asiyependa maneno, alikuwa akikung'uta nyavu mchangani. Omena zikaanguka kama mvua ya fedha, na katikati yake ikaanguka chupa yangu.

Okumu aliiokota akaigeuza. Mvuvi akipata chupa iliyofungwa, yenye kitu ndani, hafurahi, hudhani ni uchawi. Wenzake walirudi nyuma hatua moja. Akang'oa gunzi kwa meno, akaikunjua karatasi. Hakujua kusoma, wala hakuhitaji. Niliona macho yake yakitoka kwenye picha ya kwanza hadi ya pili, ya pili hadi ya tatu. Alipofika kwenye ya nne aliitazama mashua aliyotoka kushuka, kisha akaitazama tena karatasi.

"Yawa," akashangaa. "Hii ni sisi."

Wanawake wa samaki wakazunguka na mabeseni yao. Mkubwa wao alikuwa Min Ochieng', yaani mama yake Ochieng', mama mnene mwenye sauti ya ng'oma, aliyefunzwa kusoma na kanisa. Alichukua karatasi akaisoma kwa sauti, kutoka salamu hadi wako mtiifu, na alipolitaja jina langu kila mtu aligeuka akaniona nimesimama na beseni langu tupu. Hakuna aliyecheka. Nilitaka wacheke, maana ule ukimya ulinitisha, lakini hakuna aliyecheka.

Ogola akaja mbio, unyoya ukiruka kichwani. Alipoelezwa alicheka, kisha akaishika karatasi akaona mkono ukitoka majini, na kicheko kikamkauka. Akanijia ameinua mkono. Min Ochieng' akaweka mwili wake katikati yetu.

"Mguse," alisema. "Mguse, uone kama kuna mama hapa atanunua samaki yako tena."

"Ni karatasi ya mtoto! Mtoto ameona sinema!"

"Mtoto wa nani?" Okumu akauliza. Alikuwa anakunja nyavu zake mwenyewe, kando na za Ogola. "Ni mtoto wa yule uko chini ya udongo. Ameshtaki wewe kwa maji. Na maji imerudisha kwa boti yako, si ya mtu mwingine. Mimi siingii hapo tena, Bwana."

Hapo ndipo nilipoanza kuuelewa uzito wa nilichokifanya, nami sikujuta hata chembe. Mfalme wa Misri hakuwa amepata barua, na haikuhitajika. Mashua mbili za kijani zililala juu ya mchanga. Mabaharia wote waliondoka. Ogola alikwenda fukwe nyingine kutafuta watu, lakini habari zilimtangulia kila mahali, na watu waliokuwa wamekubali usiku walikataa asubuhi. Jua likaanza kuzipasua mbao. Kila siku baada ya shule nilipita pale nikaketi juu ya jiwe nikazitazama nyufa zikifunguka. Nilikuwa na njaa, lakini niliketi mpaka jua lizame kwa sababu nilikuwa nakula hizo nyufa.

Wanawake wa samaki nao waliumia, maana mashua mbili zilikuwa nyingi. Ndipo Min Ochieng' akaenda kwa Ogola na wenzake wanne, kisha akaja kwetu. Mambo aliyoyapanga yalikuwa rahisi. Ogola atarudisha cherehani mbele ya watu, na hatamsumbua Mama tena kwa habari ya kiti. Kisha mimi, niliyetamka neno, nitalifuta kama linavyofutwa kwetu: nitatia maji ya ziwa mdomoni niyapulizie mashua, halafu nimpulizie yeye kifuani. Maji yakimgusa, neno limekwisha.

Tulikusanyika Dunga asubuhi, watu wengi kuliko harusi. Ogola alileta mashine nyuma ya baiskeli, imefunikwa gunia, akaishusha mchangani. Mama akapiga magoti akaondoa gunia. Alikuwa amejifunga leso safi kwa ajili ya siku ile. Akaweka mkono juu ya gurudumu, kama unavyomshika mtu mkono, akazungusha. Halikuzunguka. Akajaribu tena kwa mikono yote miwili. Ogola alikuwa ameiweka nje upenuni, mvua ikainyeshea wiki zote zile. Kutu ilikuwa imeila hadi ndani, na kile chuma kidogo cha uzi wa chini hakikuwapo kabisa, watoto wake walikichezea kikapotea. Mama alitazama viganja vyake vimekuwa vyekundu.

"Mafuta itaiweka sawa," Min Ochieng' alisema taratibu, lakini hakuwa akimtazama mtu.

"Mashine imerudi ama haijarudi?" Ogola akauliza umati. "Si mlisema mashine? Mashine ndiyo hiyo."

"Imerudi," Mama akasema. "Yatosha." Akajipangusa mikono kwenye ile leso safi.

Nilimwona Ogola akitabasamu. Lilikuwa tabasamu dogo, la upande mmoja, na sidhani mtu mwingine aliliona kwa sababu wote walikuwa wakimtazama Mama. Mimi nililiona, na ninaliona sasa hivi ninapoandika.

Okumu akachota maji kwa kibuyu akanipa. Mashua nilizipulizia vizuri, moja baada ya nyingine, mpaka mbao zikalowa, maana sikuwa na ugomvi na mashua wala na Okumu na watoto wake. Kisha Ogola akavua kofia, akafungua vifungo vya shati, akainama mbele yangu kifua kikiwa wazi. Umati wote ulikuwa mgongoni kwangu. Nikajaza maji mdomoni. Yalikuwa na ladha ya samaki na mbao. Ogola akafumba macho.

Nikameza. Nikameza yote, polepole, shingo isicheze, kisha nikavuta pumzi nikampulizia upepo mtupu. "Pfuuu."

Nyuma yangu wanawake wakapiga vigelegele. Ogola akafumbua macho, akapeleka mkono kifuani. Kifua kilikuwa kikavu. Akaupitisha tena mkono, kulia na kushoto, akitafuta hata tone. Kisha akanitazama, nami nikamtazama, na nikaona kwamba ameelewa.

"Tayari?" Okumu akauliza.

Ningependa kila mtu wa rika langu angekuwepo auone uso ule. Kama Ogola angesema kwamba maji hayakumgusa, watu wangesema neno limekataa kufutwa, wangerudi makwao na mashua zingeoza pale pale. Akinyamaza, mashua zingeingia majini naye angebaki na neno langu juu yake. Alikuwa na muda wa kuvuta pumzi mbili au tatu tu wa kuchagua. Akafunga vifungo vya shati kimoja kimoja, mpaka cha shingoni.

"Tayari," akasema. "Ingizeni boti."

Hakukanyaga tena ndani ya mashua maisha yake yote. Watu walidhani ni uzee, ingawa alikuwa bado na nguvu. Alisimama nchi kavu akipiga kelele za kuamuru, na ikinyesha hakuvuka hata mtaro. Tulipokutana njiani aliniangalia mdomo, hakuniangalia macho. Hakumwambia mtu, wala mimi sikumwambia mtu, hata Mama. Nilikua, nikasoma, nikajua kwamba wale wazungu wa filamu walikuwa waigizaji na jioni walikwenda kula chakula chao, na maiti pia alikula. Sikuona sababu ya kwenda kumweleza Ogola hayo.

Ile cherehani ilitiwa mafuta na fundi mmoja mjini, ikazunguka, lakini iliruka mishono na kukata nyuzi. Wateja hawakurudi. Mama alinisomesha kwa sindano ya mkono, akishona kwa mwanga wa koroboi hadi macho yake yakaisha. Nilipomzalia mjukuu wa kwanza alimpapasa uso kwa vidole ili ajue anafanana na nani.

Ogola aliishi kuliko wote. Alipokuwa mzee kabisa, ameshindwa kuinuka kitandani, alituma watu waniite. Nilifika alasiri. Mke wake mdogo alinipa kigoda, akaenda jikoni kunitengenezea chai. Ogola alikuwa amekonda, amebaki mifupa na macho.

"Nyathina, mtoto wangu," akasema. "Ile siku."

"Siku gani, Baba?"

Kwenye stuli kando ya kitanda palikuwa na glasi ya maji. Aliniangalia mdomo, akaiangalia ile glasi, kisha akainua mkono akaanza kuhangaika na kifungo cha shati. Kilimshinda. Nikamsaidia, nikamfungulia vyote vitatu. Mbavu zake zilikuwa zikipanda na kushuka.

"Nimalizie," akasema, akafumba macho.

Najua kuna watakaosema mgonjwa husamehewa. Mama alikuwa na macho mangapi ya kupoteza? Niliichukua ile glasi nikainywa hadi chini, bila haraka, nikairudisha juu ya stuli kwa kishindo kidogo ili asikie kwamba ni tupu. Mke wake aliporudi na chai niliipokea kwa mikono miwili, nikamshukuru, nikanywa na hiyo pia.